Makaburi Thelathini na Sita

Mwezi wa Aprili mwaka 1977, wafanyakazi wa serikali mjini Moroni, visiwani Komoro, waliambiwa warudi majumbani kwao. Loutfia alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ramani za ardhi. Asubuhi ile alikuta mlango umefungwa kwa kufuli na mafaili yanaungua uani. Alisimama kando ya ukuta akitazama karatasi alizozipiga chapa kwa miaka mitatu zikipeperuka juu ya paa kama majivu ya jikoni. Hakulia. Alijiambia tu kwamba sasa atarudi kwao Mutsamudu.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na Moroni alikaa Magoudjou kwa mama yake mdogo, Nouriat. Mama yake mzazi, Hadidja, alikuwa Mutsamudu, katika kisiwa kingine, na kifua kilikuwa kinamsumbua. Habari zake zilifika kwa midomo ya wasafiri: safari hii amekonda, safari hii hapandi tena ngazi. Lakini siku zile hukupanda chombo bila barua ya kamati ya vijana, waliokabidhiwa mji na serikali ya mapinduzi, na kamati haikuwa na haraka na mtu.

Kamati ilikuwa imekaa katika nyumba aliyoihama mwalimu mmoja Mfaransa. Mwenyekiti wake, Mouridi, alikuwa na miaka kumi na tisa. Mwaka uliotangulia alikuwa bado anakaa kwenye dawati la shule. Loutfia alikwenda kwake mara mbili akaambiwa asubiri. Mara ya tatu Mouridi alitoa kamera kwenye mtoto wa meza akaiweka mbele yake.

"Mwenyewe kaiacha. Unajua kuitumia?"

"Sijui."

"Hapa hakuna anayejua. Wewe ulikuwa ofisi ya ramani, utajifunza. Nataka picha za makaburi ya Ntsoudjini. Yale yaliyojengwa, yenye kuta na kuba. Kila kaburi picha yake."

"Mimi ni mwanamke, Mouridi. Siingii makaburini."

"Ndiyo maana nimekuchagua wewe." Hakutabasamu. "Tunataka kumbukumbu ya nchi, na tunataka watu waone kuwa mwanamke anaingia popote. Ukimaliza, barua yako ipo."

Nouriat aliposikia, aliketi kitako jikoni, mwiko mkononi. "Nenda," alisema mwishowe. "Ukikataa, hao vijana watakuja hapa. Nenda, usiwaambie majirani."

Majirani hawakuhitaji kuambiwa. Loutfia alifika mji wa Ntsoudjini adhuhuri, jua likiwa utosini. Mzee aliyekuwa akifagia njia ya makaburi alimzuia kwa fagio. Loutfia akamwamkia kwa heshima, "Kwezi," akatoa karatasi yenye mhuri wa kamati. Mzee aliusoma mhuri, akaliegemeza fagio ukutani, akaondoka. Njiani kurudi, wanawake waliokuwa wakiteka maji kwenye birika walinyamaza wote alipowasalimia. Kesho yake hata Magoudjou wengine walinyamaza.

Filamu ile alimpelekea Djanfar. Huyu alikuwa mtu wa makamo aliyekuwa na duka la picha Majunga, ng'ambo ya bahari, kwa miaka ishirini na miwili, mpaka Wakomoro walipouawa kule na waliosalia wakarudishwa kwa ndege. Alishuka Moroni na mkewe na sanduku moja. Kamati ikampa jiko la yule Mfaransa awe anasafishia picha humo. Madirisha aliyaziba kwa mablanketi.

Djanfar alizitundika picha kwenye kamba, akazitazama moja moja.

"Hii umelikata kaburi kichwa. Hii pia. Hii hapa nani amelala juu ya kaburi?"

Loutfia akasogea. Kilikuwa kivuli chake mwenyewe. Kilikuwamo katika picha saba.

"Na maandishi yako wapi, binti yangu? Haya ni mawe matupu."

"Yapo, Fundi. Niliyaona kwa macho."

"Ulikwenda saa ngapi?"

"Adhuhuri."

"Jua la adhuhuri linafuta kila kitu. Nenda likichomoza tu. Lipate likipita ubavuni, ndipo kila herufi itajitengenezea kivuli chake. Jiwe likikataa bado, lirushie maji. Usilikwangue, usilitie chaki. Na upige magoti. Kaburi halipigwi picha na mtu aliyesimama."

Alimfundisha kupima mwanga kwa jicho, kuifungua lenzi kidogo ili kaburi la mbele na la nyuma yote yaonekane, kubana pumzi kabla ya kubonyeza. Loutfia akawa anatoka Magoudjou baada ya sala ya alfajiri na kutembea mpaka Ntsoudjini na chupa ya maji. Kuta za makaburi zilikuwa za jiwe jeusi la volkeno lililopakwa chokaa, na vibao vya majina vilichongwa katika jiwe la matumbawe. Akajifunza kungoja. Jua lingepanda kidogo juu ya ukuta, na kibao kilichokuwa kitupu kingeanza kusema: binti fulani, mwana wa fulani, mwaka fulani wa Hijra. Kaburi moja lilikuwa la mwanamke, na juu yake kimepachikwa kibakuli cha kauri chenye maua ya buluu. Alilipiga picha nne, ingawa aliagizwa moja.

Alikuwa ameipenda kazi ile. Jambo hilo hakumwambia mtu. Nyumbani hakuna aliyekuja kuzungumza, hata shoga zake walipita upande wa pili wa njia. Makaburini ndiko alikopumua.

Mwezi wa Julai alipeleka picha za mwisho kwa Mouridi. Mwenyekiti hakuwepo, na picha za awali zilikuwa zimetandazwa mezani. Loutfia akaigeuza ile ya kibakuli. Nyuma yake, kwa penseli nyekundu, paliandikwa: *mawe mazuri, mikokoteni mitano.* Akageuza nyingine. Mikokoteni mitatu. Nyingine ilikuwa na msalaba mkubwa na neno *tayari.*

Alikwenda Ntsoudjini siku ileile, mchana. Makaburi manne yalikuwa yamevunjwa. Mawe yake yamepangwa kando ya barabara, na vijana walikuwa wanachimba msingi wa shule. Kibakuli alikikuta vipande vitatu kwenye majani.

"Uliniambia kumbukumbu ya nchi," alimwambia Mouridi jioni.

"Na picha si zipo? Hiyo ndiyo kumbukumbu." Mouridi alionekana mchovu; mikono yake ilikuwa na malengelenge, naye alikuwa amechimba. "Dada Loutfia, kule pana watoto wanasoma chini, juani. Mabwana wakubwa wamelala ndani ya kuta nene kuliko za nyumba yetu. Marehemu hahitaji ukuta. Niambie nakosea wapi."

Loutfia angeweza kusema kwamba alidanganywa. Lakini mtoto anayesoma juani alikuwa amemwona kwa macho yake.

Mouridi akafungua mtoto wa meza. "Barua yako hii. Siku kumi. Wenzetu wa Mutsamudu wanataka picha kama hizi. Filamu moja, makaburi thelathini na sita, unairudisha hapa mwenyewe."

"Nisiporudi?"

"Nouriat amekuwekea dhamana. Ametia kidole gumba jana."

Nouriat alikiri. Walimjia akiwa peke yake, akatia kidole. "Nilitaka umwone dada yangu," alisema.

Kule Mutsamudu, Hadidja alikuwa amekonda kuliko wasafiri walivyosema. Alikaa ameegemea mito, amejifunika shiromani yake, shuka la wanawake wa kisiwa kile, nyekundu na nyeupe, ingawa palikuwa na joto. Loutfia alimweleza yote kabla hajavua viatu, maana alijua angechelewa asingeweza tena.

Mama alisikiliza. "Kwa hiyo umekuja kunitazama mimi, au kumtazama babu yako?"

Kaburi la babu lilikuwa juu ya mji, lina kuba ndogo. Lazima lingekuwamo kati ya yale thelathini na sita.

"Nitairudisha filamu tupu, mama. Nitasema imeharibika."

"Halafu wamchukue Nouriat?" Hadidja alikohoa kwa muda mrefu. "Baba yangu alizikwa nikiwa na miaka tisa. Wanaume walimbeba, sisi tukabaki mlangoni. Mpaka leo sijui amelala vipi. Kesho utanichukua."

Walipanda wakati jua linachomoza, Hadidja akipumzika kila hatua ishirini. Kamati ya Mutsamudu ilikuwa imemtuma msichana wa miaka kumi na saba, Zoubeda, akiwa na daftari la kuandika namba. Zoubeda alipomwona Hadidja alishusha macho. Kurani aliisoma kwa Hadidja, katika ukumbi wa nyumba yake, toka ana miaka mitano.

Loutfia alipiga magoti, akapiga la kwanza, la pili, la kumi. Zoubeda akaandika. Mikono ya Loutfia ilijua kazi. Hiyo ndiyo aibu aliyoibeba baadaye, kwamba hata siku ile alingoja mwanga ukae sawa. Walipofika kwa babu, Hadidja alikwenda moja kwa moja kwenye kibao. Akapitisha kidole juu ya herufi, akisoma kwa sauti jina la baba yake na la baba wa baba yake. Kisha akaketi, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha.

"Mama Hadidja, tafadhali sogea kidogo," Zoubeda alisema. "Wanataka mawe yaonekane."

"Alif yako nani aliisahihisha?"

"Wewe, mwalimu."

"Basi andika namba yako. Mimi sisogei. Piga, Loutfia."

Loutfia akapiga. Mama yake alikuwa anaitazama lenzi bila hofu wala tabasamu, kiganja kimoja juu ya jiwe. Kisha wakaendelea mpaka thelathini na sita, Zoubeda akiandika namba.

Siku ya kumi Loutfia alirudi Moroni na filamu ndani ya kanga. Nouriat alikuwa nyumbani, salama. Djanfar alipoisafisha filamu, alisimama mbele ya ile picha ya Hadidja.

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu. Hajapigwa picha nyingine maishani mwake."

Djanfar alichukua karatasi ya pili, akaichapa tena, ingawa kamati ilimhesabia karatasi. "Wazazi na ndugu zangu wote wamelala Majunga," alisema huku anaitikisa ndani ya dawa. "Sina hata kivuli cha jiwe lao. Chukua, ufiche."

Hadidja alifariki wiki tatu baadaye. Loutfia aliomba barua ya kwenda kwenye hitima. Mouridi, kwa sauti ya upole, alimwambia kwamba amekwisha pewa yake mwaka huu.

Akabaki Magoudjou. Alipika, alifua, alipiga picha nyingine alizoagizwa, za madaraja na za mikutano, na watu hawakumsalimia. Mwezi wa Mei mwaka 1978 serikali ilipinduliwa. Mouridi akafungwa. Waliokuwa kimya sasa walisema wazi, dirishani kwa Nouriat: huyu ndiye aliyewaonyesha makaburi. Loutfia aliyasikia akiwa ndani, na kwa wiki tano hakuvuka mlango. Waliyosema yalikuwa kweli.

Mwezi wa Julai alipata chombo cha kwenda Mutsamudu bila kuombwa barua. Djanfar alimpa kamera, ambayo hakuna aliyekuja kuidai, na filamu moja.

Kuba ya babu haikuwapo, wala kuta. Kibao kilikuwa kimeachwa, kimelazwa chini. Ubavuni mwake palikuwa na kaburi jipya la udongo lisilo na jiwe, na Zoubeda, aliyekuja naye kumwonyesha, alisema alilifahamu kwa sababu alisimama kwa mbali siku ya mazishi ya Hadidja mpaka wanaume walipoondoka.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita njiani aliwatambua wote wawili. "Bado hamjatosheka?" alipaza sauti. "Bado mnapiga picha?"

Zoubeda alitaka waondoke. Loutfia alikuwa amekwisha piga magoti kwenye udongo wa kaburi la mama yake. Alibana pumzi, akabonyeza, akaisogeza filamu kwa kidole, akabonyeza tena, na yule mwanamke bado alikuwa anapiga kelele.