Mate ya Mtu Mwingine

Kinywa cha Kanyere kilikauka mwaka uleule wakubwa walipopata uhuru wao. Homa ilimvimbisha mashavu hadi shingoni. Ilipoondoka, ikaondoka na mate. Bugali alikula kwa kusukuma na maji, kila tonge na funda lake. Kisha fizi zikaanza kurudi nyuma kama watu waliosikia bunduki, na meno mazima, meupe, yakaanguka yenyewe. Moja alilikuta ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Mumewe Melchior, mkulima wa Bulengera, alimpeleka kwa Gustave, munganga wa dispensere ya Butembo. Gustave akambonyeza mbele ya masikio na chini ya taya.

"Visima vya mate vimekauka, mama. Mate si ya kutema tu. Inaosha meno, inachunga fizi. Fizi ikikimbia, mufupa wa taya unabakia uchi, unaanza kuoza."

"Donc, basi umupatie dawa," Melchior akasema.

"Dawa? Wakubwa wa serikali wanasema itatoka Beni."

Haikutoka. Waasi walipokuja, wakubwa walikimbia na kamio, lori la dispensere, wamepakia magodoro yao. Waasi walipofukuzwa, wakubwa haohao wakarudi na askari kuuliza ni nani aliyebaki akawapikia waasi. Kana kwamba mtu anaweza kukimbia na shamba lake kichwani!

Asubuhi moja watu wa Bulengera walikusanywa sokoni. Komanda Kabongo, mgeni wa mbali, alikuwa akitafuna tumbaku na kutema, hata akiongea walio mbele wakawa wanajipangusa nyuso. Mezani aliweka bakuli la unga mkavu wa muhogo.

"Mulongo! Mupange mustari, kila mutu kiganja kimoja. Mwenye roho safi atameza. Mwenye alilisha adui, woga utamukausha kinywa. Unga haidanganyi!"

Wengi walimeza. Ésaïe, fundi wa viatu, unga ulimkwama. Walimburuta nyuma ya ukuta, na risasi ikalia.

Zamu ya Kanyere ilipofika, Melchior akapiga magoti.

"Komanda, bibi yangu ni mugonjwa! Kinywa yake ilikaukaka tangu zamani. Uulize munganga Gustave!"

"Gustave tulimuacha Beni," Komanda akacheka. "Na kila muasi iko na ugonjwa yake. Fungua mudomo, mama."

Kanyere akafungua. Unga ukaingia, ukakaa. Melchior alitaka kumpa mate yake mwenyewe, kama ndege anavyolisha kinda. Akayatafuta chini ya ulimi, akakuta vumbi. Woga ulikuwa umeyanywa yote.

Kanyere hakukohoa. Alimtazama Komanda midomoni, akaendelea kumtazama. Komanda akafungua kinywa atoe amri. Kikatoka kitu kama mlio wa majani makavu yakikanyagwa. Akajaribu tena. Ulimi wake ulikuwa umeganda, mweupe kama unga wenyewe. Akanyakua kibuyu cha maji, akanywa, yakamtiririka kifuani, na sauti haikurudi. Askari wakatazamana. Nani apige bila amri?

Hapo Melchior akasikia koo la mkewe: glu.

Kanyere akapanua mdomo ili wote waone. Ulimi ulimeremeta. Uzi wa mate ukashuka kidevuni.

Komanda alikuwa wa kwanza kukimbilia gari.

Baadaye wasafiri wa Eringeti walisema Komanda yuko huko, anakusanya meno yake ndani ya kikombe, mazima, meupe. Kanyere naye alikula bugali bila maji, fizi zikafunga. Lakini Melchior hakulala vizuri ubavuni mwake, maana pumzi yake ilinuka tumbaku, na Kanyere hakuwahi kuonja tumbaku maishani.

Mate yalirudi, mfupa haukurudi. Ulikuwa umekwisha kuliwa ndani kwa ndani wakati dawa inangojewa. Siku moja taya lilivunjika akitafuna ndizi, uvimbe ukapanda, na Kanyere akafa.

Melchior alimfunga taya kwa kitambaa, kama wafu wanavyofungwa. Kitambaa kikalowa. Akakibadilisha, kikalowa tena, na chumba kizima kikanuka tumbaku. Akapigilia misumari ya sanduku mwenyewe, haraka, wakubwa wasije kusikia wakaja kudai kilicho chao.