Viatu Katika Meli ya Adui

Hitty Crowley hakuiamini ile nyara tangu alipoiona ikiingia ghubani. Mbele ilikuja mashua ya mumewe Asahel, yenye mzinga mmoja ulioliwa na kutu. Nyuma yake ikafuata merikebu ya Waingereza imejaa shehena hadi pomoni, na nahodha wake si mwingine ila Jotham, kaka yake Hitty wa tumbo moja, aliyeoa na kuhamia New Brunswick, ng'ambo ya mpaka, upande wa Waingereza, na sasa kwa vita hivi vya Marekani na Uingereza akahesabiwa adui. Jotham huyo huyo aliyewahi kung'olewa jino akigombea yai la bata. Leo katekwa na mashua ya watu sita, na hana hata mkwaruzo.

"Mlimtekaje?" Hitty akamuuliza mumewe walipoketi mezani.

"Tulipiga risasi moja hewani. Wakasalimu amri."

"Jotham akasalimu amri?"

"Umri huo, mke wangu. Watu hutulia."

Jotham mwenyewe, mateka wa vita, alikuwa pale pale akijipakulia bakuli la tatu la supu ya samaki na viazi.

"Mateka gani anayejiongezea supu?" Hitty akasema.

"Sheria ya vita, dada. Mateka hafi njaa. Hebu nisogezee chumvi, shemeji."

Hitty akaisogeza chumvi mwenyewe, lakini moyoni alikwisha kuwapima wote wawili. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Na hofu yake haikuwa ya bure. Meli ya adui ikitekwa kwa haki, mahakama ya bahari huwapa watekaji meli na vyote vilivyomo. Lakini pwani yote ya Maine ilijua kuwa wako wanaopatana na adui mapema: wewe niletee vitambaa vya Uingereza vilivyopigwa marufuku, mimi nitajifanya nimekuteka, halafu tutagawana. Mahakama ikigundua mchezo huo, shehena inakwenda serikalini, na dhamana ya mtekaji inakwenda nayo. Asahel, ili serikali impe cheti cha kuteka meli za adui, aliweka dhamana nyumba hii hii na shamba lake la viazi. Nyuma ya nyumba hiyo Hitty alizika watoto wawili.

Siku ya tano akaja kamishna wa mahakama, Bwana Thaxter, mtu mwembamba na mpole, na upole wake ndio uliomnyima Hitty usingizi. Akafikia kwao, maana hapakuwa na nyumba nyingine yenye chumba cha ziada. Akawahoji mateka mmoja mmoja, mlango umefungwa, kwa maswali yaliyopigwa chapa. Hitty alifagia mbele ya mlango ule mara nne, asiambulie hata neno.

Kisha kamishna akafungua makasha. Adhuhuri akawaita wote jikoni, akaweka mezani jozi ya viatu vipya vya kike, vya ngozi nyeusi. Soli ya kulia ilikuwa nene kuliko ya kushoto kwa upana wa vidole viwili.

Hitty alivunjika mguu wa kulia akiwa na miaka minane, barafu ya bwawani ilipopasuka, na mguu ule haukurefuka tena sawa na mwenzake. Akamtazama mumewe. Asahel aliukodolea macho ukuta, masikio yamemwiva. Basi hapo Hitty akajua yote: mapatano, risasi ya hewani, na zawadi. Mpumbavu huyu, miaka kumi na mbili anamwahidi viatu, anakuja kuvileta katika meli ya namna hii. Alimpenda, na papo hapo alitamani kumpiga na sufuria.

"Jotham anasema ni vya mama mmoja wa kwao anayechechemea," akasema kamishna. "Huenda. Ila kama ni vya hapa, basi meli ilikuwa inakuja hapa, wala haikutekwa, ilikaribishwa. Tafadhali, Bi. Crowley, vijaribu."

"Na miguu yangu ilivyovimba, bwana?"

"Vijaribu tu."

Akaketi, akavaa. Viliingia bila kubishana.

"Vinabana," akasema, akikunja uso.

"Tembea kidogo."

Akasimama, na sakafu ikawa sawa. Kwa miaka thelathini hakuwahi kusimama juu ya sakafu iliyo sawa. Mabega yakakaa mahali pake, kiuno kikaacha kuuma. Alitamani kutembea hadi kanisani na kurudi, kijiji kizima kikimwona. Macho yake yakaenda kwenye mlango wa nyuma, kule kwenye yale makaburi mawili. Akaushusha upande wa kulia kwa nguvu, akachechemea. Jambo alilolifanya maisha yake yote bila kufikiri, sasa lilimtoa jasho. Hatua nne hadi mlangoni, hatua nne kurudi.

"Vinaniumiza," akasema, na machozi yalikuwa ya kweli.

Kamishna akatazama miguu, kisha uso, kwa muda mrefu. "Naona vinakuumiza," akasema, akaandika.

Mahakama ikaamua kuwa ni nyara halali. Jotham akabadilishwa na mateka wa Kimarekani, akarudi kwake amenenepa. Shehena ikapigwa mnada gatini siku ya Jumamosi. Kamishna alikuja, hakununua kitu, alisimama tu karibu na Hitty. Vikauzwa vitambaa, zikauzwa sahani. Dalali akainua viatu.

"Nani?"

Kijiji kizima kikageukia baharini, asije mtu akamtazama Hitty. Mkono wa Asahel ukaanza kunyanyuka. Hitty akamkanyaga kidole.

Mchuuzi mmoja mpita njia akavichukua kwa senti thelathini. Ile soli nene, alisema, itamfaa kukatia viraka. Akatoa kisu, akaanza kuibandua pale pale.

"Pole, Bi. Crowley," akasema kamishna.

"Pole ya nini, bwana? Si vyangu."

Njiani Asahel akamshika mkono. "Vita vikiisha nitakutengenezea vingine. Naapa."

"Usithubutu. Yule atakuja tena, kutazama tu ninavyotembea."

Akauachia mkono wake, akapanda kilima kwenda nyumbani kwake akichechemea, na kamishna akamfuata kwa macho mpaka mlangoni.