Salamu kwa Waliopo Juu

"Subiri, Zina. Nimalize salamu."

Salamu! Hebu fikiria, mtu anasoma salamu! Gleb, mume wa Zinaida, yuko kilomita kumi na tisa angani, amefungiwa na mwenzake ndani ya chumba cha chuma kinachoning'inia chini ya puto. Pale uwanjani nje ya Moscow hata mpishi alijua kwamba jua likishuka, gesi hupoa, na puto lililokawia huanguka. Amri ya kuteremka hutoka chini, na Gleb si mtu wa kuvunja amri. Kuitamka kwa redio ndiyo kazi ya Zinaida. Lakini maikrofoni ameing'ang'ania Ndugu Rubtsov, mwenyekiti wa kamati, na redio ile ukisema husikii.

"Wafumaji wa Ivanovo wanawasalimu! Wachimba makaa wanawasalimu!"

"Ndugu Rubtsov, jua linashuka. Watakufa!"

"Mambo ya ndoa uyaache nyumbani, binti. Nchi nzima inasikiliza."

Alipofika kwa watoto wa shule, Zinaida alimpokonya. "Gleb! Shukeni! Shukeni sasa hivi!" Kisha akaachia kitufe asikilize.

Gleb alikuwa keshaanza kujibu. Hakuwa amesikia neno. Kila salamu ilipaswa kushukuriwa kwa jina lake, ndivyo walivyofundishwa, na akisema yeye, hasikii wa chini.

"Wapendwa wafumaji wa Ivanovo, tumeguswa mno..."

"Nyamaza, Gleb," Zinaida alinong'ona. "Nyamaza, baba."

Hakunyamaza. Akawashukuru wachimba makaa, akawatania kidogo, akahamia kwa watoto. Rubtsov aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Zinaida alitamani kumtia makofi. Kivuli cha mlingoti kilikuwa kimefika uzioni ndipo Gleb alipomaliza.

"Shukeni!" akapiga kelele.

"Tumepokea. Tunashuka."  Kisha sauti yake ikarudi bila utani wowote. "Zina, puto linaenda chini mbio. Vali ya kutolea gesi nimeshaifunga, uzito wote tumemwaga, bado linaenda mbio. Tumechelewa, eh?"

Zinaida alibonyeza kitufe.

"Hamjachelewa, mpenzi. Ni kawaida hiyo. Jana mama yako alikuletea uyoga wa chumvi, nimekuwekea. Mwanao kang'oka jino, anataka akuonyeshe mwenyewe..."

"Mwache aripoti!" Rubtsov alifoka. "Achia kitufe!"

Hakukiachia. Alisema habari za supu, za jirani, za paa linalovuja, akasema na kusema, kwa sababu akinyamaza tu, atasikia.