Karabai za Bibi Veneranda

Mwaka wa tisini na saba malori yalipoanza kupita Gungu yakiwakusanya watu waliotoka Burundi kuwapeleka kambi za wakimbizi, hata waliozeekea hapa hapa kwetu, nilizunguka nyumba hadi nyumba nikiwaambia wazee: mtu akija akasema katumwa na serikali, niite kwanza. Wengine walinisikiliza. Bibi Veneranda alinicheka.

"Luqman, mdomo wako haujafungwa tangu uzaliwe. Nikikuita wewe, si nimeita Ujiji nzima?"

Alikuwa mjane. Mumewe alimwachia karabai, zile taa za kuvulia dagaa, naye aliwakodishia wavuvi akapata chakula. Zikirudi asubuhi alizifuta vioo kwa kanga kuukuu, akiziongelesha Kirundi kama watoto wanaokataa kuoga.

Njia ya kumtoa nilikuwa nayo. Shangazi yangu Asia kaolewa Kalinzi, huko juu kwenye kahawa, na alikubali kumweka mpaka malori yachoke. Nikamwambia pikipiki itamfuata Jumatatu.

"Siendi, mwana wanje," akaniita mwanawe kwa Kirundi. "Mimi niko salama."

"Nani kakwambia?"

"Niko salama tu. Mpe mwingine nafasi hiyo."

Nikauliza karabai mbona sizioni. Ziko kwa fundi, akasema.

Lori likaja Jumatano. Watu wakakimbilia migombani, mimi nikakimbilia kwake. Yeye alikuwa kwenye mkeka mbele ya nyumba anachambua maharage, wala hakuinuka. Askari akamwambia apande.

"Mwenzenu alishakuja," akasema kwa upole. "Karabai zangu anazo. Alisema mimi sitaguswa."

Askari wakatazamana. "Mwenzetu yupi, Bibi?"

Akaziba mdomo kwa kiganja. "Hakuna. Mimi mzee, nachanganya mambo."

Nilipomshika mkono apande, ndipo akaninong'oneza. Kijana wa shati la kaki, buti safi, kamwamkia Kirundi vizuri. Kasema karabai ni dhamana ya yeye kubaki, na asimwambie mtu yeyote, maana akisema tu, dhamana imevunjika.

"Kwa nini hukuniambia, Bibi?"

"Mwaka wa sabini na mbili, kwenye mauaji ya kwetu, waliosema walikufa. Mimi nilinyamaza, nikavuka ziwa."

Sijui yule mwizi alilijua hilo au alibahatisha. Ningemkamata, ningemuuliza hilo kabla sijamuuliza karabai.

Bibi akanivuta tena. "Usimtaje, Luqman. Kijana ana adabu yule. Watamfukuza kazi."

Lori likaondoka. Nikachukua blanketi lake na yale maharage, nikalifukuza kwa baiskeli. Nilipofika Kidahwe, watu wakaniambia limeshapita kitambo, linaelekea Kasulu. Misimu miwili ya mvua haikupita, tukaletewa habari kwamba kazikwa kambini.

Kazi ya kufukuzwa yule kijana hakuwa nayo. Kila ofisi niliyoingia walisema hawamjui. Na mimi, Bibi, nimemtaja. Misibani nimemtaja, harusini nimemtaja, mwaloni mitumbwi inaposhusha, mbele ya wanunuzi wa dagaa, nimemtaja, bila jina maana jina sina: huyo anayekuja na serikali mdomoni, akakwambia usimwambie hata mwanao, ni mwizi, mpigie kelele. Wazee wananiambia nimeshaanza tena.

Maharage nilishindwa kuyapika. Shangazi Asia aliyapanda kule Kalinzi, nyuma ya chumba alichokuwa amemfagilia.