Bunduki ya Kumuaga Baba

Baba alisema mbele ya mashahidi kwamba siku ya kumzika, Griffin ndiye atakayepiga bunduki. Alisema hivyo akiwa kitandani hospitalini Kombewa, sauti imekwisha, na kaka yangu Griffin alitoka nje ya wadi akalia mpaka muuguzi akamletea kiti.

Msimcheke. Mama alipofariki, Griffin alifika kaburi likiwa limeshafunikwa. Kwetu Seme kosa hilo halina dawa. Tangu hapo baba hakumtamkia neno, miaka na miaka, na sasa anampa heshima ya mwana mkubwa.

"Dorca, nyaminwa, dada yangu," aliniambia, machozi bado yanamtoka, "Baba amenisamehe."

Nikamshika mkono. Lakini furaha yake sikuweza kuishiriki, kwa sababu bunduki ile naijua mimi kuliko mtu yeyote.

Ni bunduki ya vita vya Wazungu, ndefu, yenye mbao karibu hadi mdomoni. Baba aliipata enzi zake za uaskari wa wanyamapori, akakatiwa cheti, akafukuzia viboko waliokuwa wakimaliza mahindi ya watu ufuoni. Baadaye ikakaa tu, ikala kutu. Mwaka jana aliniletea kwenye karakana yangu Nyamasaria, ninakochonga vyuma, akasema nimrudishie ujana wake. Tuliifungua pamoja. Tukalowesha vyuma kwenye mafuta ya taa, tukasugua kutu, tukazinywesha mbao mafuta mpaka zikang'aa. Pini inayogonga risasi ilikuwa imelika ncha, nikachonga nyingine. Sikuwahi kukaa na baba yangu vile. Tulitaniana kama watu wa rika moja.

Kuijaribu, hatukuishika mkononi. Bunduki nzee unaifunga kwenye gurudumu la lori, mdomo unaelekea kwenye ukingo wa udongo, unafunga kamba pale pa kufyatulia, kisha unajificha nyuma ya ukuta na kuvuta. Ililia vizuri. Lakini ganda la risasi lilipotoka lilikuwa na ufa kuzunguka kiuno. Komeo la nyuma, chuma kinachoifungia risasi ndani, halikuwa lake. La asili lilipotea zamani, baba akatia la bunduki nyingine, na halikubana.

Nikamwonyesha lile ganda. "Baba, usimpe mtu hii aiweke shavuni. Siku moja ganda litakatika na moto utarudi usoni."

Aliligeuzageuza vidoleni. "Nimesikia," akasema, akabadilisha mazungumzo.

Halafu akampa Griffin!

Mimi si mtu wa kumfikiria baba yangu mabaya, lakini niliyafikiria. Labda hakuniamini. Labda ugonjwa ulimsahaulisha. Na labda aliniamini vizuri sana. Hilo la tatu lilinikosesha usingizi, nikamchukia baba, kisha nikajichukia mwenyewe, naye amelala sebuleni ndani ya jeneza na watu wanamwimbia.

Nilimwendea Griffin, nikamwambia bunduki ni mbovu. La baba sikulitaja.

"Leo ndio mbaya?" akafoka. "Mwaka mzima mnaicheza wewe na yeye, iko sawa. Nikipewa mimi imeharibika. Hata hii unanionea wivu, Dorca?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaingia nyumbani kwa baba, nikaitoa pini mpya na kurudisha ile ya zamani iliyolika. Pini hiyo haifiki kwenye risasi. Nilijiambia atavuta, bunduki itagoma, atasonya, watu watacheka kidogo, mambo yataisha. Mimi na akili zangu zote za karakana!

Siku yenyewe wanaume wa ukoo walitoka na ng'ombe, mikuki na matawi kwenda tero buru, kukifukuza kifo mbali na boma. Kwenye uwanja wa malisho wakasimama, nami niliyewafuata kwa mbali nikasimama. Griffin akiwa amevaa koti la baba akainua bunduki, akaweka shavu.

Tik.

Akavuta komeo, akajaribu tena. Tik.

Nyimbo zilikatika. Baba mdogo Mathews, aliyeshika mkuki wa mbele, akaushusha. "Mzee amekataa," akasema. "Hii mkono amekataa." Na watu wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja, wakimwachia Griffin nafasi kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza.

Hilo sikulipiga hesabu. Nililijua tangu utotoni, kwamba kwetu maiti akikataa jambo hulikataa hivyo, na bado nilichonga vyuma kichwani nikasahau watu. Griffin alipiga magoti, bunduki mapajani, mdomo wazi. Mtu wa namna ile hafiki mwaka.

Nikawapenya wanaume. "Mzee hajakataa! Ni mimi." Nikaiinua pini mpya wote waione, nikawaeleza.

Walinitukana kwa lugha zote wanazozijua. Griffin hakutukana. Alinyoosha kiganja. "Rudisha."

"Narudisha. Lakini haishikwi na mtu. Itafungwa kwa gurudumu, uvute na kamba."

"Kamba ni kupiga?" mmoja akauliza.

Mathews akafikiri. "Kwani kamba inavutwa na nani? Mkono ni ya Griffin."

Tukaleta gurudumu la lori ambalo baba alinyweshea ndama. Tukaifunga bunduki, mdomo kwenye ukingo wa bwawa, si ziwani, maana ziwani kuna watu. Nikawarudisha wote nyuma ya kichuguu. Griffin akavuta.

Mlio ule haukuwa wa kawaida. Ng'ombe walitimka, wanaume wakapaza sauti na kukimbia na mikuki yao wakikifukuza kifo, wanawake wakapiga yowe kule bomani. Tulibaki wawili, tukaenda kuangalia. Kitako kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Sanduku la risasi limeng'oka. Vibanzi vya mbao na chuma vilikuwa vimezama kwenye mpira wa gurudumu, pale pale ambapo shavu lingekaa.

Griffin aligusa kibanzi kimoja, akajigusa jicho.

"Baba alijua?" akauliza.

Alikuwa na koti la marehemu mabegani na sura ya mtoto anayengoja kuambiwa.

"Hakujua," nikasema. "Sikumwambia."

"Umekaa na hii maneno mwaka mzima, hukumwambia? Ukamwacha anipatie?"

"Ndiyo."

Nilimwona akipumua, mabega yakishuka, baba yake amerudi kuwa wake. Kisha uso ukamgeuka.

"Basi kwangu usikanyage, Dorca. Hata nikifa usikuje."

Akawafuata wanaume mbio, akiliita jina la baba kwa sauti kuliko wote.