Saa ya Polepole

Mume wangu André alikuwa fundi wa kushona nguo, na mtaa wetu wote, Cité Albert, ulimwita Polepole. Sikatai, jina lilimfaa. Ukimpa kitambaa cha suruali wakati wa Pasaka, suruali ungeivaa Noeli, na ukija kumlaumu angekupa kiti, akuulize habari za watoto, kisha akuonyeshe mshono. Ukiuona mshono huo, ulisahau lawama zako. Mimi ndiye niliyebaki na watu waliosubiri, nikiwapa maji na kuwadanganya. Na tulipotoka pamoja nilimtangulia hatua ishirini huku nikinung'unika, naye akisema nyuma yangu, "Enda tu, Mama Claudine. Nitakukuta."

Mwaka wa 1948, Ijumaa moja ya mvua, Chola alisimamisha baiskeli mlangoni petu. Chola alikuwa mpeleka mizigo wa magazini moja, duka kubwa la mjini Élisabethville, huko walikokaa Wazungu. Hakujua kusoma, alipeleka mizigo kwa majina aliyotajiwa na kapita wake, msimamizi wao. Alitujua vizuri, kwa sababu suruali yake ilikuwa kwetu tangu Pasaka.

"Polepole iko? Kapita anasema hii koli ni ya Polepole."

André alikuwa ameagiza uzi na vifungo katika magazini hiyo, akafurahi. Chola akampa ile karatasi ya kupokelea mzigo wanayoiita bon, naye akaandika jina lake lote, kwa herufi nzuri alizofundishwa na mapadri, wino ukikauka kabla hajamaliza. Chola akaenda. Nikainua ile koli, kifurushi cha katoni, na ndani yake kitu kikalia: *ngooo!*

Haukuwa uzi. Ilikuwa saa ya ukutani, ya mbao inayong'aa, yenye kengele. Mvua ilikuwa imefuta anwani, na juu ya katoni palibaki doa la buluu tu.

Jirani yangu Brigitte alikuwa amesimama mlangoni tayari. Huyo hajawahi kuchelewa mahali penye habari.

"Ata Bazungu balisha kusikia!" akapiga kelele. "Polepole anachelewa, balimutumia saa!"

Watu walicheka mpaka barabarani. Mimi pia nilicheka, nisiseme uongo. André peke yake hakucheka. Alirudisha saa ndani ya katoni, akafunga kamba, akakataa kwamba ni yetu. "Hii haina yetu," akasema.

Hapo kicheko kikaniisha. Nyakati zile mtu mweusi akikutwa na mali ya Mzungu bila karatasi, hakuna aliyemuuliza mara mbili. Ni boloko, kule ndani kwenye fito za chuma, na kiboko juu yake. Na kila Alhamisi mtu wa usafi alipita nyumba kwa nyumba na askari wake, akitafuta mbu kwenye mitungi na chini ya vitanda. Tulikuwa na kitanda kimoja. Saa tuliiweka chini yake, na kila mtu alipokanyaga sakafu kwa nguvu, ikalia.

Jumamosi André alikwenda magazini. Karani wa Kizungu akamwambia gari litapita Jumatatu kuchukua mzigo. Jumatatu tulikaa mlangoni kutwa nzima na hakuna gari lililopita. Jumanne nikamwambia mume wangu kwamba safari hii tunakwenda wote wawili, kwa sababu yeye hajui kukasirika.

Karani alikuwa kijana, na hakupenda kusumbuliwa. Alipitisha kidole juu ya bon zake zote bila kusoma hata moja.

"Zote ziko na signature. Hakuna mtu alilalamika. Kwetu koli ilisha kufika."

"Ile signature ni yangu, Bwana," André akasema.

"Basi koli ni yako."

"Haina yangu, Bwana."

"Ulisaini kitu haina yako?" Sasa yule kijana alimtazama vizuri. "Unataka niite polisi?"

Nikamfinya André mkono, tukatoka.

Nyuma ya magazini kapita wao, Clément, alitukimbilia huku akijifuta jasho. "Mama, mbaya yote ni yangu. Mi nilimuambia Chola, peleka kwa Polepole. Nilifikiri anajua: Polepole ile Muzungu ya reli!"

Nikashika kichwa. Sisi wote tulikuwa na majina yetu ya kuwaita Wazungu. Mji mzima uliyajua isipokuwa wenyewe. Huyo wa reli alisimamia mafundi, na kila neno alilowaambia lilianza na polepole na kuishia na polepole. Chola, maskini, alimjua Polepole mmoja tu, yule mwenye suruali yake.

"Sasa umuelezee karani," nikasema.

"Mama, ataniuliza Polepole ni nani. Akisha kujua tunabapatiaka majina, ataniuliza yeye banamwita namna gani."

"Banamwita namna gani?"

Clément akatazama kushoto na kulia. "Sufuria Bure. Ndani hamuna kitu."

Nikaelewa kwa nini gari halitakuja kamwe. Bila bon mpya Clément hakuweza kuigusa saa, bon mpya ilitaka maelezo, na maelezo yangemfukuzisha kazi yeye pamoja na Chola mwenye watoto watatu. Akatuonyesha tu nyumba ya Mzungu wa reli ilipo, akarudi ndani mbio.

Nyumbani nikalipuka. "Tuitupe mu muto! Ule Muzungu hata hajalalamika!"

"Ni saa yake," André akasema. Akaendelea kutunga uzi kwenye sindano.

Niliogopa, nasema wazi. Sikuogopa aibu wala maneno ya Brigitte. Niliogopa kubaki bila yeye. Niliwaona askari wakija kumchukua, naye hakimbii, hasemi kitu, anafunga kwanza vifungo vya shati kimoja kimoja, anawaomba wamngoje. Nikakaa chini nikalia. Yeye akaweka sindano, akaja kukaa karibu nami mpaka nikamaliza.

Jumatano asubuhi tukatoka. Nilijitwika katoni, nikatangulia kama kawaida yangu. *Ngo! Ngo! Ngo!* Kila hatua ilikuwa kengele ya misa. Watoto walinifuata, na kwa mbali, penye kizuizi cha kuingilia mji wa Wazungu, askari mmoja aligeuza kichwa. Nikasimama palepale.

André akanifikia. "Leta," akasema.

Akaichukua mikononi, akaikumbatia kifuani. Akaanza kutembea mwendo wake ule ule ulionichosha miaka kumi na tisa, mguu mmoja ukitua vizuri kabla mwingine haujainuka. Saa ikanyamaza. Nilitaka kukimbia, nilitaka kumsukuma, lakini nilitembea kando yake, bega kwa bega. Tulimpita yule askari karibu kabisa, nikaona hata vifungo vya koti lake. André akamwamkia. Askari akaitikia, akapiga miayo. Saa haikutoa hata sauti ya mbu.

Mzungu wa reli alitoka barazani mwenyewe, mkewe nyuma yake. Akafungua katoni, akashangaa sana.

"Ni ya mama yangu! Aliandika mu barua atanitumia saa. Nani alikuambia ni yangu?"

André alifungua mdomo, akatafuta neno. Nilijua atalitafuta mpaka mchana.

"Kapita alisema ni ya Polepole, Bwana," nikasema. "Na bwana yangu pia, majina yake ni Polepole. Njo sababu balikosea."

Nikajiambia moyoni, sasa wewe Virginie umemfunga mumeo kwa mdomo wako.

"Polepole," yule Mzungu akasema. "Ni mimi?"

"Ndiyo, njo weye, Bwana."

Mkewe aliingia ndani haraka, na tukamsikia akicheka huko jikoni. Mzungu alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akamtazama André. "Na weye, juu ya nini banakuita vile?"

"Juu ninachelewa, Bwana."

"Mama yangu pia anasema ninachelewa," akajibu. Akaitazama saa bila furaha kubwa.

André akaomba karatasi ya kuonyesha kwamba amerudisha mzigo. Sitasahau kungoja kule. Polepole mmoja akiandika neno kwa neno, Polepole mwingine akisoma neno kwa neno, akiuliza hata habari ya nukta moja, nami nimesimama juani kati yao.

Gari la magazini lilikuja kweli, majuma matatu baadaye, kuchukua kifurushi. Wale watu tuliwapa karatasi wasome. Na mtu wa usafi, Alhamisi ile, siku moja tu baada ya safari yetu, aliinama chini ya kitanda akakuta viatu vyangu tu. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kurudi kwetu ile Jumatano. Mikono yetu ilikuwa mitupu, na mimi kwa mazoea nilikuwa nimeshatangulia. Nikamsikia nyuma yangu.

"Enda tu, Mama Claudine. Nitakukuta."

Nikasimama katikati ya njia.

"Apana," nikamwambia. "Leo tunaenda pamoja."

Nikamngoja. Alichelewa kufika, bila shaka.