Maji Katika Shamba la Babu

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipokuwa wakigombania pamba yetu barabarani huku kwetu Sola, mjukuu wangu Milembe, binti wa kidato cha pili, alikuja likizo akitafuta mada ya maonyesho ya sayansi. Nilifurahi. Elimu ya watu wazima niliisoma jioni baada ya kutoka shambani, na sikuiacha hadi hatua ya mwisho. Nikamwandikia mada tatu kwa mwandiko safi: umeme wa jua, mwendo wa sayari, na uyeyushaji wa chuma.

Alizisoma kwa adabu. Kisha akanieleza kuwa mwalimu wao anataka kitu cha kupimwa nyumbani, kwa vifaa vilivyopo, ndani ya wiki mbili. Sayari angezipimia wapi?

Kesho yake nikasikia amepata mada kwa Kasmiri, jirani yangu, mtu asiyejua hata herufi moja. Kasmiri bado alikuwa na ngitili, eneo la malisho ambalo sisi Wasukuma hulifunga wakati wa mvua ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Ngitili yangu nilikwisha kuilima pamba yote, bei ilipopanda. Kasmiri alikuwa amemwambia mtoto kwamba mvua ikinyesha, kwake maji huzama, kwangu hukimbilia mtoni. Milembe akaona hapo pana mada: achomeke ardhini kopo lisilo na kitako, atie lita moja ya maji, ahesabu dakika hadi yaishe. Mahali patatu kwa Kasmiri, patatu kwangu.

Aliniomba ruhusa, nikampa. Lakini moyoni sikuridhika. Miaka yote nilijisomea magazeti na kamusi ili mjukuu akitafuta elimu aanzie kwangu. Akaanzia kwa Kasmiri.

Milembe alikuwa amechomeka vijiti shambani kwangu, penye kupimwa. Siku yenyewe, kabla jua halijachomoza, nilikwenda na jembe, nikalima penye vijiti vyote vitatu hadi udongo ukalainika, nikausawazisha kwa mguu.

Kwenye ngitili maji yaliisha kwa dakika tisa. Milembe na Kasmiri wakaja kwangu. Dakika tatu. Tena tatu. Tena tatu.

Milembe alikaa chini. "Basi mzee Kasmiri alikosea," akasema, akaanza kuandika.

Kasmiri alichuchumaa, akaufikicha udongo kwa vidole. Akaniangalia.

"Profesa," akasema taratibu, "shamba lako limeamka mapema leo."

Nilingoja amweleze mtoto. Hakumweleza. Akasimama, akakung'uta mikono, akasema labda kweli amezeeka. Hapo ndipo wivu uliponiuma kuliko siku zote. Hata kwa heshima alikuwa amenizidi.

"Futa hayo," nikamwambia Milembe. "Nimepalima mimi alfajiri."

"Kwa nini, babu?"

"Wivu. Nilitaka mada itoke kwangu."

Alinitazama, kisha akamtazama Kasmiri. Akauliza kama na hilo aliandike.

"Acha, mama," Kasmiri akasema. "Hilo mwalimu wenu hana kopo la kulipimia."

Akacheka peke yake. Milembe akahamisha kopo hatua kumi, palipokuwa hapajaguswa, akatia maji. Mimi ndiye niliyeshika saa. Nilisoma dakika kumi kwa sauti, nikasoma ishirini, nikasoma thelathini, na yeye akiandika. Maji yalikuwa bado yamejaa nusu kopo.